Kiswidi Nilichojifunza Shituru

Neno la kwanza la Kiswidi nililolijua ni bredvid. Maana yake ni kando ya, na nililijua kwa sababu ya paka. Binti yangu alikuwa Uswidi, ana umri wa miaka mitano, na katika kaseti iliyotufikia alikuwa akieleza kwamba kuna paka anayelala kando yake. Hayo nilikuja kuyafahamu baadaye. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, Shituru, mtaa wetu huko Katanga, katika nyumba ya kampuni ya shaba, redio-kaseti iko mapajani, sielewi hata kama mtoto anacheka au anashtaki.

Sikulia. Kila ninapomsimulia mtu habari hizi hunitazama usoni akisubiri nilie hapo, na kila mara namwangusha. Tangu mtoto alipoondoka nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona kuwa ni wako, unaubonyeza, hausikii kitu. Nilipika bukari, ugali wetu. Nilifua makoti ya kazi ya mume wangu yaliyotobolewa na asidi ya kiwanda. Nilikwenda kanisani, nikasimama waliposimama wengine na kukaa walipokaa. Ukiniuliza nilikuwa najisikiaje siku hizo, nitakuambia kwamba unga wa mposho, ule wa mgawo wa kampuni, ulikuwa na wadudu.

Mtoto wetu alizaliwa na tundu moyoni. Alipokimbia kidogo tu midomo yake iligeuka rangi, akachuchumaa chini na kusubiri pumzi irudi, na watoto wenzake walikwisha kuzoea: walisimamisha mchezo, wakamngoja. Daktari wa hospitali ya kampuni alimsikiliza kifua, akatuambia kwamba kazi ya namna hiyo haifanyiki hapa, wala Lubumbashi, wala Kinshasa. Alisema hivyo kwa Kifaransa na kwa upole, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Aliyetufungulia njia ni muuguzi wa misioni, mwanamke wa Uswidi aliyekuwa akija Shituru kila wiki kupima uzito wa watoto wachanga. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo sote tulimwita Mamzeli. Alizungumza Kiswahili chetu vizuri, na hata kubishana alibishana nacho sokoni. Aliandikia watu wa kwao, akapata hospitali na kanisa la kusaidia, akapata pia mtu wa kumchukua mtoto: mke wa mwalimu mmoja wa misioni, aliyekuwa anarudi Uswidi na mume wake moja kwa moja. Nafasi ilikuwa ya mtoto. Ya mama haikuwepo. Tuliambiwa atakaa msimu mmoja wa mvua, labda na zaidi kidogo, halafu atarudi.

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wa mbali halijui. Kwetu, mtu akimpeleka mtoto wake akae kwa mwingine, kwa dada yake Kambove au kwa shemeji yake Lubumbashi, hamwachi hivi hivi kama mfuko wa makaa. Anasema maneno. Anasema: huyu si wangu tena, ni wako, mimi nilizaa tu. Anasema hivyo ili mwenyeji asiogope kumpa kibao akikosa, asimtengee sahani kama mgeni, asione haya kumsafisha akitapika. Siku ya kumfuata mtoto, mwenyeji naye ana yake ya kusema: mlinipa mtoto, nimeshamla, nawarudishia mifupa. Watu wanacheka, kuku anachinjwa, mtoto anarudi kwao. Sijasikia hata mara moja mtu akienda na maneno hayo kwa chifu.

Basi siku motokari ya misioni ilipokuja kumchukua, niliyasema yote, mbele ya majirani, bila kuruka hata moja. Nilimshika yule mama mkono, nikaweka mkono wa mtoto ndani yake.

"Mama, huyu mutoto ni wako. Minye nilizala tu. Akikosa, umupige. Akilia, umunyamazishe. Weye njo mama yake sasa."

Yule mama hakujua Kiswahili sana. Miaka yake yote ya misioni alifundisha kwa Kifaransa. Akamgeukia Mamzeli kumwuliza nasema nini, Mamzeli akamwambia, na yule mama akaanza kulia palepale, akanikumbatia kwa nguvu mpaka kofia yake ikaanguka. Majirani walipendezwa sana. Walisema mzungu huyu ana moyo. Nami niliona nimefanya kazi yangu vizuri, kwa sababu nilitaka mtoto wangu apendwe.

Operesheni ilikwenda vizuri, lakini kidonda kilichukua muda, na baada ya kidonda madaktari walitaka kumwangalia bado. Kaseti ndizo zilizotuletea habari. Mamzeli alitukopesha mashine, na betri zikichoka mume wangu alizianika juu ya bati jua lizipe nguvu kidogo. Katika kaseti ya kwanza mtoto alisema Kiswahili: anataka sombe, kisamvu chetu, anataka tumwambie rafiki yake asimchukulie kikombe chake. Katika ya pili Kiswahili kilikuwa na mashimo, na kila penye shimo paliingizwa neno la kule. Katika ya tatu, ile ya paka, kilikuwa kimekwisha. Sauti ilikuwa yake, na hata namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema ilikuwa ileile, ila hakukuwa na neno moja letu.

Mume wangu aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Voilà, anajifunza luga," kama mtu anayesifu shule, kisha akaenda kazini mapema kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikwenda kwa Mamzeli.

"Unifundishe hii kiswidi," nikamwambia. "Mutoto akirudia, nitasema naye na nini?"

Mamzeli hakucheka. Aliniambia nibaki kila siku ya mizani, kazi ikiisha.

Tulijifunza tukikunja vitambaa na kuchemsha sindano. Mamzeli aliamua tuanze na vineno vya mahali, kwa sababu ndivyo vilivyojaa katika kaseti. Mtoto wa umri ule hana habari nyingine za kutoa: kitu fulani kiko wapi, nani yuko ndani, nani amejificha nyuma. Basi Mamzeli alichukua bati la sindano na chupa ya spiriti, akavitembeza mezani kama mtu anayecheza na watoto. Chupa ndani ya bati: i. Chupa juu ya bati: på. Chupa imeinuliwa, inaelea juu bila kugusa: över. Mbele ni framför, nyuma ni bakom, na chupa ikiwa kati ya mabati mawili ni mellan. Mimi narudia. Mkono wangu ulishika haraka kuliko ulimi.

Sisi watu wa Katanga tuna mu, ku na pa, na kwa vitu hivyo vitatu tumejenga nyumba, tumechimba shaba na tumezika watu wetu, hakuna aliyepotea. Waswidi hawaridhiki upesi namna hiyo. Picha ya ukutani, ambayo kwa macho yangu imening'inia, kwao iko juu ya ukuta. Mtoto akienda shule yuko ndani ya shule, lakini akilazwa hospitali yuko juu ya hospitali.

"Sababu gani shule ni ndani na hospitali ni juu?" nikamwuliza.

"Minye sijui, mama," akasema Mamzeli. "Ni vile tu."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Walimu wangu wa zamani wangenichapa kwanza.

Kulikuwa na kineno kimoja nisichokipenda, hos. Ni kwa, kwa maana ya nyumbani kwa mtu. Mamzeli aliponipa mfano alisema bila kuwaza: mtoto wako yuko hos mama fulani na mume wake. Nilirudia vizuri kabisa. Alinisifu matamshi. Nikaendelea kukunja kitambaa kilichokuwa mkononi, nikaona kwamba nimekikunja mpaka kimekuwa kidogo kama kipande cha sabuni, na ikabidi nikikunjue tena.

Kisha kukawa na vita upande wa Kolwezi. Treni zilipita na askari, maduka yakafunga, na wazungu wengi waliondolewa, Mamzeli akiwa kati yao. Alikuja kutuaga akiwa na mkoba mmoja. Kuhusu mtoto alisema tu kwamba hakuna mtu atakayempandisha mtoto ndege kuja kwenye vita, na mume wangu akakubali kwa kichwa. Hapo zile habari za msimu mmoja wa mvua zikafa, na hakuna aliyezitaja tena.

Niliendelea kujifunza peke yangu. Asubuhi, uani, nilichukua sufuria, mwiko na kikombe cha bati cha mtoto, nikavipanga. Kikombe mbele ya sufuria. Kikombe nyuma ya sufuria. Kikombe kati ya sufuria na mwiko. Jirani yangu alikuwa anatwanga sombe upande wa pili wa ua, akaacha kutwanga.

"Mama, iko nini?"

"Niko najifunza."

"Unajifunza kuweka kikombe?"

Siku iliyofuata aliniletea mama wawili wa kanisa kuniombea. Waliweka mikono juu ya kichwa changu, wakafukuza pepo la kikombe kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Niliwashukuru, nikawapa karanga. Wangekuja mwaka mwingine ningewafukuza na mwiko, maana mimi si mtu mpole, waulize wakwe zangu. Lakini wakati ule hata hasira ilikuwa imeniacha.

Vita vilipotulia Mamzeli alirudi. Hakuningoja kwenye mizani. Alikuja nyumbani, mchana, mume wangu akiwa ametoka zamu ya asubuhi, na nilipomwona anavua kofia mlangoni nilijua kuna neno. Nilimpa kiti na maji.

"Mutoto anapona," akasema. "Badoktere banasema moyo iko muzuri kabisa. Anakimbia. Anapanda kinga."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Mume wangu alipiga makofi mara moja, akasema, "Basi, anarudia siku gani?"

Mamzeli alitazama mikono yake.

"Bale bantu banauliza kama munaweza kubaachia mutoto. Kabisa. Beye habana mutoto. Banasema mama alibapatia. Banangojea tu papier."

"Alibapatia nini?" mume wangu akauliza.

"Mutoto. Siku ile ya motokari. Ule mama aliniuliza unasema nini, na minye nilimwambia vile ulisema. Mutoto ni wako, weye njo mama yake."

Nilisubiri nisikie kitu ndani yangu. Niliona tu kwamba Mamzeli amekalia kiti chenye mguu mbovu, nikamwambia asogee asije akaanguka. Akasogea. Kisha nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa:

"Ulimwambia maneno. Haukumwambia kama ni heshima."

"Motokari ilikuwa inangoja, mama," akasema. "Na nilizani anajua. Alikaa huku miaka mingi."

Akaeleza yaliyobaki. Wale watu walikuwa wameliambia kanisa lao kwamba Mungu amewapa mtoto kwa mkono wa mwanamke wa Kongo. Walikuwa wamempa chumba. Walimwita kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo kwetu Serikali ilikuwa imelikataza kama majina yote ya Kikristo, hata mimi nililitamka ndani ya nyumba tu. Hawakuwa wezi. Mamzeli alirudia jambo hilo mara nyingi, na halikuhitaji kurudiwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyewaita wezi.

Alipoondoka, mume wangu alianza kusema polepole, macho yake yako nje, upande wa bomba la kiwanda.

"Kule iko na badoktere. Kule hakuna huu moshi. Huku dawa mu hospitali zinaanza kuisha. Weye unataka arudie, halafu moyo imusumbue tena, tufanye nini? Tumwangalie?"

Kila alilosema lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonichosha. Mume wangu alikuwa anampenda mtoto. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni kila jioni kumpeleka kuona treni, kwa sababu mwendo ule ulikuwa mrefu kwa moyo wake. Ningeweza kumjibu kwamba mtoto ana mama, lakini hakusema hana. Nilikaa pale, nikajaribu kumtafuta mtoto wangu ndani ya kichwa, nikapata sauti ya kaseti tu, ile nisiyoielewa.

"Minye nilisema heshima," nikasema mwishowe. "Sikutoa mutoto."

"Bon. Nani ataenda kubaelezea?"

"Minye."

Mamzeli alikuwa tayari kutafsiri. Alisema nizungumze Kiswahili kwenye kaseti, yeye atafuata nyuma na Kiswidi, na safari hii ataeleza kila kitu, desturi na yote. Nilikataa. Maneno yangu yalikuwa yamepita kinywani mwake mara moja na tuliona yalikofikia. Nilimwambia nitasema mwenyewe.

"Kiswidi yako haijafika pale, mama," akasema. "Haujui kusema nataka. Haujui kusema desturi."

"Nitasema yenye najua."

Tulikaa katika chumba cha mizani, mlango umefungwa, watoto wa watu wanalia nje. Akabonyeza kitufe. Nilijua vitu vya nyumbani, nilijua mtoto, mama, baba, na nilijua mahali. Basi nikasema hivyo. Barnet är hos dig: mtoto yuko kwako. Barnet kommer från mig: mtoto ametoka kwangu. Nikasema niko ndani ya nyumba. Kitanda chake kiko kando ya kitanda changu. Hakuna mtu ndani ya kitanda. Sahani yake iko juu ya meza, kati ya sahani ya baba na sahani yangu. Hakuna kitu ndani ya sahani. Baba anasimama mbele ya nyumba. Mimi ninasimama nyuma ya baba. Mtoto kutoka kwako, mpaka kwangu. Nililisema hilo la mwisho, kisha sikuwa na neno jingine, na kaseti ikaendelea kuzunguka ikichukua vilio vya nje.

Mamzeli aliizima. Alikuwa amegeuza uso.

"Nilisema muzuri?" nikamwuliza.

"Ulikosea på moja," akasema.

Hakuna jibu lililokuja kwa muda mrefu. Mume wangu hakuuliza. Ilikuwa kama tumeweka sufuria motoni na kila mtu anaogopa kufunua kifuniko. Nilipika, nilifua, nilikwenda kucheza ngoma za chama uwanjani siku tulizoitwa, kanga ya picha ya Rais kiunoni, nikipiga makofi pamoja na wengine. Ungenitazama ungesema mwanamke huyu hana tatizo lolote.

Jibu lilikuja bila kaseti. Mamzeli alikwenda likizo kwao, na kabla ya kurudi alituma habari misioni: anakuja na mtoto. Yule mama wa Uswidi alikuwa amesikiliza kaseti yangu jikoni na mume wake, akaisikiliza tena, akasema mtoto arudi. Kumleta mwenyewe hakuweza. Alimwambia Mamzeli hana nguvu za kufika mpaka huku halafu arudi mikono mitupu.

Tulikwenda Lubumbashi kumpokea. Nilimwona anashuka ngazi za ndege, amerefuka, ana viatu vya soli nene vya nchi ya baridi, anashikana mkono na Mamzeli. Hakuchuchumaa popote. Alitembea ule uwanja wote kwenye jua kali bila kusimama kuvuta pumzi, na mume wangu aliyekuwa akitaka aachwe kule akaondoka kando yangu, akaenda nyuma ya nguzo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Mamzeli alimwambia mtoto kitu. Mtoto akaninyooshea mkono mbele, mkono mnyofu, kama wanavyosalimu wageni kule, akanisalimu kwa heshima. Nikaushika. Ulikuwa wa joto. Sikuwa na la kufanya nao zaidi ya kuushika.

Nyumbani, wanawake wa mtaa walipiga vigelegele, wakampaka pemba, udongo mweupe, kwenye paji la uso na mikononi kama mtu aliyetoka mautini. Mtoto alisimama wima, akavumilia, kama anayechomwa sindano. Walipomaliza alinijia mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa mtu pekee asiyepiga kelele, akaniuliza kwa sauti ndogo choo kiko wapi.

"Bakom huset," nikajibu. Nyuma ya nyumba.

Akaenda. Aliporudi alinitazama upya, kuanzia miguuni. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza, mimi na mwanangu.

Wiki zilizofuata niliweza kumwambia kila kitu kilipo. Sahani iko mezani, maji yako ndani ya ndoo, baba yuko kazini, mbuzi wa jirani yuko nyuma ya ua. Kumwambia kwamba nilimkumbuka sikuweza. Neno hilo Mamzeli hakunifundisha, na mimi sikuliomba. Mtoto naye aliniuliza swali moja kila asubuhi, maneno yaleyale. Sikulielewa. Siku ya mizani nilimpelekea Mamzeli lile swali kama nilivyolisikia, sauti kwa sauti, nikiogopa lisinimwagikie njiani. Alinisikiliza.

"Anauliza ni siku gani atarudia kwabo," akasema.

Nilikwenda sokoni, nikanunua ndakala, dagaa wetu, nikarudi nikazipika. Mtoto alikula vizuri.

Watoto wa mtaa ndio waliofanya kazi iliyotushinda sisi wakubwa. Walimwendea wakiwa kundi, wakamvua viatu vyake kuvijaribu, wakamfundisha matusi kwanza na majina ya vitu baadaye. Mvua zilipoanza alikuwa anasema minye na weye. Mvua zilipokolea alikuwa anabishana. Shuleni walimpa jina la babu yake na akaliitikia. Lile swali la asubuhi siwezi kusema lilikwisha lini. Niligundua tu siku moja kwamba sijalisikia siku nyingi. Na Kiswidi chake kikaondoka kwa njia ileile Kiswahili kilivyoondoka kule, kwanza mashimo, halafu kikaisha. Siku moja nilimwambia kwa Kiswidi, kwa mazoea, kwamba ufagio uko chini ya kitanda. Akanikunjia uso.

"Mama," akasema, "sema muzuri."

Nilifurahi? Nadhani nilifurahi. Nilipomwogesha nilipitisha kidole juu ya lile kovu la kifuani, refu, laini, na yeye akacheka kwa sababu ya mtekenyo. Niliona kwamba hii ni furaha, nikaitambua kama unavyomtambua mtu wa upande wa pili wa barabara, ila haikuvuka.

Karibu na Noeli ikaja kaseti nyingine. Ilitoka kwa yule mama. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimwita mtoto, akaja akakaa kwenye mkeka, mikono ina udongo, nikabonyeza kitufe.

Yule mama alimwita kwa jina la ubatizo. Alizungumza polepole, kwa sentensi fupi, zote za mahali, na mimi nilielewa kila kitu. Alisema theluji iko juu ya paa. Alisema koti lako liko ukutani. Viatu vyako viko mbele ya mlango, sijavitoa. Baba yuko kazini, mimi niko jikoni. Kuna taa ndani ya dirisha lako.

Mtoto alisikiliza ameinamisha kichwa, kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Mama, ni nani ule?"

"Ni mama ulikuwa unakaa kwake. Kule ku Suède."

"Anasema nini?"

"Anasema koti yako iko ku ukuta. Anasema viatu yako iko mbele ya mulango."

"Viatu gani?"

Nje watoto walikuwa wanamwita. Alinitazama kuniomba ruhusa, nikampa, akatoka mbio. Nilimsikia anakimbia barabara nzima, mpaka mwisho wa nyumba za kampuni, hakusimama. Nilikuwa nimeomba hilo, lote, na nilikuwa nimelipata.

Yule mama alikuwa bado anasema. Kisha akanyamaza, nikasikia pumzi yake, nikasikia kiti kinasogezwa, na akaanza tena na lile jina. Hapo nililia. Nililia kwa nguvu, kamasi na yote, mkono juu ya mdomo ili jirani asije na watu wake wa maombi. Ningeweza kuzima, maana betri nzuri zilikuwa hizo tu. Lakini yule mwanamke alikuwa anazungumza na mtu, na ndani ya nyumba hakukuwa na mwingine anayejua Kiswidi. Nikamsikiliza mpaka kaseti ikaisha.